Nilisema "Shusha!" Ndani ya Ndege

Najua mmeshasikia. Simu haijapumua tangu asubuhi, kila anayepiga ana neno moja tu: "Shusha!", halafu kicheko. Sasa kwa kuwa huyo msambazaji wetu wa umbeya, tuliyepanda naye ndege, ameamua kutoa nusu ya habari, acheni niitoe yote, mnicheke mkiwa na ushahidi kamili.

Ndege yenyewe ni Cessna 172: viti 4, bawa liko juu ya kichwa, propela moja puani. Rubani tunamwita Kapteni, mtu mpole sana. Mimi nimekaa mbele kulia, msambazaji nyuma yangu. Kiti cha mbele kulia kina usukani wake na pedali zake, na Kapteni akigusa vya kwake, vya kwako navyo vinacheza. Amri niliyopewa ni moja, nisiguse kitu. Nikafumbata mikono mapajani kama bwana harusi.

Ile soksi ya upepo pembeni ya uwanja ilikuwa haijielewi. Mara imetuna, mara imenyong'onyea, mara imegeukia kwingine.

"Kapteni, hii kawaida?"

"Upepo wa ubavuni tu, kaka. Kitabu cha ndege kinasema walishaijaribu mpaka noti 15."

Noti 15 ni kama kilomita 28 kwa saa. Nikatulia. Kumbe upepo wa vishindo kitabu hausomi.

Akasukuma mafuta mpaka mwisho. Usukani kaukata kushoto, upepo unakotoka, ili bawa la upande huo lisinyanyuliwe. Tukaanza kukimbia. Mshale wa mwendo umefika noti 40, na kunyanyuka ni kwenye noti 55 hivi. Hapa naomba twende polepole, maana ndipo heshima yangu ilipozikwa.

Kikaja kishindo cha kwanza. Mkiani kuna lile pezi lililosimama. Upepo ukilipiga kutoka kushoto, mkia unasukumwa kulia na pua inageuka kuufuata upepo. Na propela nayo, nguvu ikiwa nyingi na mwendo mdogo, huwa inavuta kushoto hukohuko. Wamekubaliana bila sisi. Mstari mweupe wa katikati, tuliokuwa tumeukalia vizuri kabisa, ukaanza kuhamia upande wangu. Pedali ya kulia mbele ya miguu yangu ikazama yenyewe mpaka mwisho. Nikajua Kapteni ameimaliza, hakuna nyingine ya kukanyaga.

Halafu magurudumu yakanyamaza.

Jamani, kile kimya! Tumenyanyuka kabla ya muda wetu. Upepo umetubeba, umetupeleka kando, kisha ukakumbuka una shughuli zake, ukatuachia. Bawa la kushoto likapanda. Nikatazama dirisha langu: nyasi. Si nyasi za mbali, nyasi za kuhesabika, mojawapo ina kiua cha njano. Hapo kinywa changu, bila kuniomba ruhusa, kikapaza:

"SHUSHA! SHUSHA HAPO HAPO!"

Na mkono (hili ndilo baya, na msambazaji kalificha ili alitoe wiki ijayo) ukagonga bati la juu mara mbili. Ko! Ko!

Yaliyofuata ni mafupi. Kapteni akakata mafuta, tukaangukia gurudumu moja, tukatoka nje ya lami, tukazunguka na kusimama tukitazama tulikotoka. Tairi limechanika, taa moja ya pembeni ya lami imelala, propela haikugusa chini, hakuna aliyechubuka. Akazima umeme, akanigeukia kwa upole uleule: "Kaka, si nilikuwa nashusha?"

Ameshaniambia tairi likibadilishwa na mafundi wakiikagua ndege, turudi siku ya hali nzuri. Nikamwambia nina kazi. Siku gani? Zote.

Sasa tuje kwa msambazaji. Mnashangaa kwa nini anasema sauti yangu ilitoka nyembamba? Alikuwa ameushika mkanda wangu wa bega kwa nyuma, anauvuta kwa mikono miwili, huku anamwahidi Mungu kwamba akifika chini salama atarudisha pesa za watu wote. Wote! Nimesikia kwa masikio yangu, na Kapteni pia kasikia.

Mnaomdai, mpigieni leo.