Jamani, Elmina si studio ya picha

Kuna jambo limenikera kwenye likizo yangu ya Ghana na lazima niliseme. Ngome ya Elmina ilijengwa na Wareno mwaka 1482, Waholanzi wakaiteka mwaka 1637, na humo watu walifungiwa kabla ya kupakiwa melini kuvushwa Atlantiki kama watumwa. Sasa umeshuka mpaka chumba walimofungiwa wanawake, giza, joto, hewa nzito. Mwongozaji anaeleza walivyolala juu ya uchafu wao wenyewe. Nyuma yako mtu anasema, "Subiri kwanza, nywele hazijakaa vizuri." Anataka picha. Na anatabasamu!

Uani kuna tufe zito la chuma. Tulielezwa kuwa mwanamke aliyemkatalia gavana alifungwa nalo kwa mnyororo, akaachwa juani. Dada mmoja alikanyaga juu yake akapiga pozi, mwenzake anamwelekeza ageuze kiuno. Mwongozaji ikabidi anyamaze mpaka wamalize, huku mama mmoja kwenye kundi letu akifuta machozi. Kweli jamani?

Piga picha bahari, piga kuta nyeupe, piga mitumbwi ya wavuvi yenye rangi zake, nani kakukataza? Lakini mle vyumbani weka simu mfukoni. Na wale wa kupiga simu za video katikati ya maelezo, "mnaniona? mnaniona?", ndio walionimaliza kabisa. Sote tulilipa kiingilio, na nusu ya alichosema yule mwongozaji sikukisikia.