Dubu Akitafuta pa Kulala, Mtafiti Akae Mbali

Kaskazini mwa Minnesota, nchini Marekani, dubu weusi huanza kuingia mashimoni majani yanapopukutika, Septemba na Oktoba, na wengi hawatoki hadi mwishoni mwa Machi au Aprili. Mtafiti mgeni kazini hutamani sana kuziona wiki hizo kwa macho: nani anachimba wapi, anatandika nini, analala lini. Mimi nasema wiki hizo zifuatwe kwa redio tu, yaani kwa mlio wa kola aliyokwisha kuvishwa dubu shingoni. Kulisogelea shimo kungoje Machi.

Usingizi wa dubu ni mwepesi kuliko watu wanavyodhani. Vipimo vya dubu weusi wa Alaska vilivyochapishwa mwaka 2011 vilionyesha joto la mwili likicheza kati ya nyuzi 30 na 36 za Selsiasi, ilhali matumizi ya nishati yalishuka hadi robo hivi ya kiwango cha mwili uliopumzika. Mnyama mwenye joto hilo akisikia vijiti vinavunjika nje, anaamka na kuondoka. Mwanzoni mwa msimu ni rahisi zaidi, maana hata mwili haujapoa.

Na akiondoka Novemba, hasara inamfuata. Msimu huo wote hali, hanywi, hakojoi. Anaishi kwa mafuta aliyojiwekea. Jike aliyepandwa Juni ndiyo kwanza mimba yake inajishikiza kwenye mji wa uzazi, na Januari atazaa watoto wasiofikia nusu kilo kila mmoja. Kila gramu ya mafuta aliyoichoma kukimbia watu imetoka kwenye maziwa yao. Huenda pia asipate shimo lingine la maana, akaishia kulala juu ya ardhi, chini ya mti ulioanguka.

Redio ina kanuni zake. Pima kwa antena mlio unatoka upande gani, kutoka sehemu tatu, siku hiyo hiyo, uchore mistari yake kwenye ramani ikikatana kwa pembe pana. Mistari inayokaribia kuwa sambamba hukatana vibaya, na kosa dogo la dira linakupeleka mamia ya mita pembeni. Kwenye vilima mlio hugonga mteremko wa pili ukarudi, nawe ukaapa kwamba dubu yuko ng'ambo. Rudia ukiwa mahali pa juu. Usitangaze kuwa ameshalala kwa sababu hajahama siku nne. Dubu huweza kuchimba, akakokota majani, kisha akaacha kila kitu na kwenda kwingine. Ngoja wiki mbili au tatu.

Kalenda nayo isikutawale. Njugu za mwaloni zikiwa tele, wanachelewa; chakula kikikosekana, wanaingia mapema. Majike wenye mimba kwa kawaida hutangulia, madume wakubwa huja mwisho. Kola ya GPS, inayojua mahali ilipo kwa setilaiti, husaidia kwa namna ya ajabu kidogo: dubu akishaingia chini ya ardhi, setilaiti haimpati, na huo ukimya wenyewe ni taarifa.

Machi, timu ndogo inaweza kwenda. Theluji ikiwa imefunika kila kitu, tafuta kitundu chenye kingo za barafu nyeupe kama manyoya: ni pumzi yake hiyo. Mmoja anachungulia na tochi, anakadiria uzito, anamchoma dawa ya usingizi kwa sindano iliyofungwa kwenye fimbo ndefu. Wengine wananyamaza. Dubu akishalegea hupakwa mafuta ya macho kwa kuwa macho hubaki wazi, hulazwa juu ya kitu kinachozuia baridi, na joto lake hupimwa tena na tena. Watoto huwekwa ndani ya makoti ya watu, kwani bado hawawezi kujitunzia joto. Kazi ikiisha, mama anarudishwa alivyokuwa, watoto kifuani, na mlango unazibwa kwa matawi na theluji.

Kinachokosewa zaidi hapo ni kumvisha kola. Machi dubu amekonda. Septemba atakuwa amenenepa mpaka shingo imejaa. Kola iliyomkaa vizuri siku ya kipimo itakata nyama miezi sita baadaye. Ukiilegeza mno, inachomoka, kwa kuwa kichwa cha dubu hakiizidi shingo kwa upana. Kwa mnyama anayekua, weka kiungo cha pamba au ngozi kitakachooza na kukatika chenyewe. Na nikilazimika kuchagua, bora kola ipotee porini kuliko imzame shingoni.

Wapo watakaouliza, sasa ujenzi wa shimo tutausomaje? Mei, dubu akiwa hayupo. Chukua futi, pima urefu na upana wa mlango, kina cha chumba, unene wa matandiko. Andika kama ni majani, nyasi au magome yaliyochanwa, na kama ardhi iliyozunguka mlango imekwanguliwa hadi udongo. Angalia alama za maji ukutani: mashimo ya mabondeni hufurika theluji ikiyeyuka, na watoto wakafa. Mengi hayarudiwi msimu unaofuata, kwa hiyo unaweza kuingia mzima mzima na kukaa humo saa nzima bila kumkera yeyote.