Nyumba Ipo, Jiko Limehama

Asubuhi hii nimepokea barua pepe nyingine ya "tunakushukuru kwa kupendezwa na nyumba yetu". Aisee, Wajerumani wanakukataa kwa adabu mpaka unataka kuwajibu "karibuni tena". Mimi, mtu mzima, mwenye mke Tabata na kiti changu pale kijiweni, nimekataliwa na chumba kimoja hapa Berlin, mtaa wa Wedding. Chumba!

Wa Berlin mnanielewa. Schufa, ile karatasi ya kuonyesha kama unalipa madeni yako, ninayo. Salari slipu za miezi mitatu ninazo. Barua ya kwamba sidaiwi kodi ya nyumba ninayo, na bahasha imenona. Dada mmoja wa Tanga, mwenyeji wa huku, akanishauri nijinadi kidogo. Nikaandika: sivuti sigara, sipigi ngoma, sifugi hata mende. Kimya. Vijana fulani wa Kreuzberg, wa kuchangia nyumba, wakaniuliza kama ningekuwa mnyama ningekuwa nani. Nikasema ngamia. Kimya vilevile.

Basi Jumamosi nikaitwa Neukölln kuangalia vyumba viwili. Ghorofa ya tano, lifti hakuna, foleni imeanzia juu mlangoni imeteremka ngazi zote mpaka barabarani. Anayeshuka tunamkodolea macho kama katoka kubandikiwa matokeo ya kidato cha nne. Nimevaa suti, ile ya harusi ya mdogo wangu. Mbele yangu kijana wa kaptula na mbwa wake. Mbwa katulia, hana presha, inaelekea yeye ana mkataba.

Nikafika juu nahema. Dalali kanipa mkono wa haraka. Sebule safi, dari ndefu, dirisha linatazama mti. Moyo ukaanza kupanga makochi. Nikafungua mlango wa pili: kuta nne na mabomba mawili yamechungulia ukutani.

"Samahani, hapa ni wapi?"

"Jikoni."

"Jiko liko wapi?"

"Mpangaji aliyehama ameondoka nalo."

"Makabati?"

"Yake."

"Na sinki?"

"Lake pia."

Nikainua macho juu kuomba subira, nikakutana na waya mbili zinaning'inia darini. Taa nayo ilikuwa yake. Nikauliza kwa upole, kwa ile sauti ya msibani, kama choo kimebaki. Dalali hakucheka. Akafungua mlango, akanionyesha choo, akaandika kitu kwenye karatasi yake. Nadhani ndiyo ilikuwa hukumu yangu.

Kodi: euro 780, tena wanaiita baridi, yaani joto ni hesabu nyingine. Dhamana kodi ya miezi mitatu. Kwetu mwenye nyumba anakukamua miezi sita mkupuo, sikatai, lakini hujawahi kuhamia ukakuta kang'oa sinki. Na dalali wa kwetu angalau anakudanganya kwa mapenzi: "Bosi, hapa maji hayakatiki!" Unajua anaongopa, lakini roho inatulia. Huyu wa huku tangu mwaka 2015 sheria inasema aliyemwita ndiye amlipe, na aliyemwita si mimi. Kwa hiyo anisifie nyumba ili iweje, na foleni iko mpaka barabarani?

Jiji lilijaribu kuzibana kodi za nyumba kwa sheria mwaka 2020. Aprili 2021 Mahakama ya Katiba ikaifuta ile sheria. Mimi bila shaka nilifika baada ya hapo.

Na mkataba wangu wa sasa unaisha mwisho wa mwezi. Rafiki kanipa sofa, Mungu ambariki, lakini ukihama una wiki mbili uwe umejiandikisha, na kujiandikisha kunataka karatasi ya aliyekupa makazi. Mwenye nyumba wake hajui kama nipo duniani. Nikajiandikishe wapi sasa, benchi la Alexanderplatz? Watu wanapanga, wanahama, wanang'oa majiko yao wanaondoka, na mimi ninayelipa kodi ya mshahara kila mwezi nasimama ngazini na bahasha!

Jana nikampigia mama. Akasikiliza yote, akauliza kwa nini sitafuti tu kiwanja nikajenga kidogo kidogo, naanza na chumba kimoja na choo cha nje, mjomba atakuja kusimamia mafundi. Viza ya mjomba nani anaishughulikia, hakusema. Ila ameshaulizia bei ya mabati.