Mita 300 hazijaua picha ya dubu

Tangu kanuni mpya za Svalbard, visiwa vya Norwe kule Aktiki, zianze kutumika, 1 Januari 2025, wapiga picha wenye lenzi ndefu wanaokwenda huko kwa meli wamekaa matanga. Usimkaribie dubu wa barafu chini ya mita 300, wala chini ya mita 500 kuanzia 1 Machi hadi 30 Juni! Picha imekufa, wanasema. Kilichokufa ni ile sura iliyojaza fremu, pua na jicho na manyoya, ambayo ungeipiga kwenye bustani yoyote ya wanyama kule Ulaya kwa nauli ya treni.

Tupige hesabu, maana wanaolia hawapigi. Sensa ya kamera ya fremu kamili, kile kibao kinachopokea mwanga, ina upana wa milimita 36. Kwa lenzi ya milimita 600, mita 300 zinakupa eneo la upana wa mita 18. Dume mzima ana urefu wa kama mita 2.5, kwa hiyo anachukua sehemu moja ya saba ya picha. Kwa mita 500 anabaki sehemu moja ya kumi na mbili. Mdogo, ndiyo. Lakini kwa megapikseli 45, yule wa mita 300 bado ana pikseli zaidi ya elfu moja kutoka pua hadi mkia, na pembeni yake umepata matuta ya barafu, ufa wa maji meusi na nyayo zake. Sasa tunajua anaishi wapi.

Adui wa picha ya mbali ni hewa. Umewahi kuona mazigazi juu ya lami saa sita mchana? Juu ya barafu yapo vilevile, pale hewa ya baridi inapokutana na maji yenye joto kuizidi. Manyoya yanageuka uji, na lenzi ya mamilioni inarudishwa dukani bila kosa. Mengine tunayatengeneza wenyewe: lenzi inatoka kwenye chumba chenye hita, hewa ya joto inanasa ndani ya hudi, ile kofia ya mbele ya lenzi, inachemka mbele ya kioo. Itoe nje nusu saa kabla, hudi ikiwa imevuliwa. Usipige kupitia dirisha wala mlangoni. Kaa upande ambao moshi wa meli haupiti. Kiongezeo cha 1.4 kwenye lenzi ile ya 600 kitakupa milimita 840, kitakula stopu moja, yaani nusu ya mwanga, na kitakuza mazigazi yaleyale. Siku nyingine hewa itakushinda tu. Weka lenzi fupi, piga mandhari.

Tripodi iache chumbani. Injini inatetemesha sitaha, sitaha inatetemesha tripodi. Shika kwa mkono, viwiko mbavuni, shata ya sekunde 1/1600 au kasi zaidi, na ISO, wepesi wa kamera kwa mwanga, ipande inavyotaka. Chengachenga za ISO kubwa zinasafishika, mtikisiko hausafishiki. Theluji iongezee stopu moja hadi moja na nusu, la sivyo kamera itaifanya kijivu, kisha kagua histogramu, grafu ya mwanga wa picha. Na tafadhali, dubu huyu ana umanjano wa krimu. Wanaoufuta kwenye kompyuta wanatuletea mzimu.

Betri za akiba, mfuko wa ndani. Ukimaliza, toa memori kadi, funga kamera kwenye mfuko usiopitisha hewa ukiwa bado nje, ndipo uingie. Usiufungue kwa saa mbili, umande usije ukaishika kamera.

Kuhusu zile mita 500, sina mzaha. Machi na Aprili majike wanatoka mapangoni na watoto ambao hawajawahi kuiona barafu. Majira hayohayo sili, wanyama wa baharini anaowawinda, wanazaa, na dubu anajaza mafuta ya kumvusha miezi ya njaa. Anaweza kukaa saa nzima bila kutikisika kando ya tundu la barafu ambalo sili hupumulia. Mngurumo wa injini ukimshtua sili, mlo umekwenda. Ukimkimbiza dubu kwa pikipiki ya theluji ndiyo mbaya zaidi: kwa mafuta na manyoya yale, anapata joto haraka kuliko anavyoweza kulitoa.

Nakubali, shingo upande, kwamba sheria ina ukali wake. Boti ya abiria 12 inapimwa sawa na meli kubwa, na dubu mdadisi akiijia meli iliyotulia, meli ndiyo inayopaswa kuondoka. Inaudhi. Ila bila hivyo kila nahodha angekuwa na wimbo mmoja: alikuja mwenyewe.

Na mita hizo hazikadiriwi kwa jicho, kwa sababu barafuni hakuna mti wala nyumba ya kulinganishia. Tena, dubu akiinua kichwa na kukukodolea, akipiga miayo, akipuliza pumzi kwa nguvu, au jike akisimama kati yako na watoto, umeshamsumbua hata kama kipimo kinasoma 320. Kwa hiyo kabla ya kulipia msafara, uliza kama kiongozi ana kipima-masafa cha leza, na kama ana mamlaka ya kugeuza boti abiria wakinung'unika. Wakikujibu kwa kukutumia picha ya dubu akinusa ngazi ya meli, pesa yako ibaki mfukoni.