Haikuwa Pepo, Ilikuwa Laptopu Yangu

Haikuwa pepo. Tuanzie hapo. Ile rekodi ya sauti ya ajabu iliyosikika kanisani kwetu, aliyoitupa Mpiga Kinanda wetu Jumapili jioni, imetoka grupu la vijana ikaingia la kwaya, ikapitia kwa akina mama, na jana shangazi yangu amenipigia kutoka Machakos sauti ikitetemeka, anataka kujua kama nimeombewa. Kinanda hakutosheka na rekodi yenyewe, ameitilia na ngurumo za radi. Sasa kwa vile jina langu limeshachafuka kuanzia Umoja hadi ushago, wacha niwaambie mwenyewe ilivyokuwa. Nyinyi mliocheka kile kisa changu cha awali cha mtungi wa gesi, sogeeni. Hiki ni kibaya zaidi.

Laptopu yangu ni ex-UK, yaani mtumba kutoka Uingereza, nimeitoa Moi Avenue, Nairobi, na mwenye duka hakujisumbua kuifuta vizuri. Ilikuja na kiprogramu cha kukumbusha mambo. Unaandika jambo lako, unaweka saa, na saa ikitimia sauti ya mwanamke inakusomea. Sauti hiyo ni ile inayokuja na Windows, inaitwa Hazel, Kiingereza cha Uingereza kabisa, cha mtu anayekunywa chai bila kuifanyia kelele. Hazel hajui Kiswahili hata neno. Ukimwandikia Kiswahili anakisoma kama ni Kiingereza kilichokosewa. Mimi nikaona hapo ndipo penye usalama. Nikaandika siri zangu zote kwa Kiswahili, nikijua hata akizisoma ofisini watu watadhani ni jina la dawa. Akili nyingi huondoa maarifa, walisema.

Basi msaada wa kawaida wa Windows 10 ukaisha Oktoba 14, 2025, na kazini wakaanza kuzungusha barua kwamba laptopu ambayo haijahamia 11 haitaguswa na mtandao wao. Yangu ilikuwa na sifa zote, hata ile chipu ya usalama ya TPM 2.0 inayodaiwa na Windows 11, ambayo imewaliza watu wengi. Ila nafasi, hakuna. Diski ya GB 128 imejaa mpaka inahema. Nikaipeleka kwa fundi mmoja wa Luthuli Avenue.

"Boss, hapa kuna takataka nyingi sana," fundi akasema, macho kwenye skrini, samosa mkononi. "Nipee saa moja."

Saa moja baadaye nafasi ilikuwa tele. Nikamwuliza ameitoa wapi, akanionyesha kwa fahari: folda moja imejificha ndani ya Windows, inaitwa Installer, nzito ajabu, na "haifanyi kazi yoyote". Wanaojua mambo haya nimeshawasikia mkivuta pumzi. Kwa wengine: humo ndimo kompyuta huweka nakala za vifurushi vilivyotumika kusakinisha programu, ili siku ukitaka kuitengeneza au kuiondoa ijue pa kuanzia. Ni kama kumtupia mtu funguo zote mtoni kwa sababu zinajaza mfuko. Na kwa vile fundi alikuwa mkarimu, sasisho lilipokwisha kuingia akafagia pia ile Windows.old, folda inayokuruhusu kurudi ulikotoka ndani ya siku 10 usipopendezwa. Hiyo hakuilipisha.

Windows 11 yenyewe iliingia safi. Menyu imehamia katikati, kila kitu kinang'aa. Kesho yake asubuhi Hazel akanena kama kawaida. Nikataka kubadilisha saa, nikabofya kiprogramu. Dirisha likachungulia, likazima. Nikabofya tena, likachungulia, likazima. Yaani sehemu ya kuandika na kufuta imekufa, lakini mdomo uko hai. Kila nilichowahi kumwambia Hazel kimekwama ndani yake na hakuna pa kukifutia.

Haya, tukiondoe basi. Nikaenda kwenye orodha ya programu, nikabonyeza kuondoa. Ikafikiri. Kisha ikaniambia kwa adabu kwamba kinachotakiwa kiko mahali kwenye mtandao pasipofikika, nibofye sawa nijaribu tena, ama niionyeshe folda yenye faili la kusakinishia. Faili gani? Kama lilikuwa kwenye CD, hiyo CD iko kwenye droo ya mtu huko Birmingham! Nikabofya sawa. Ikaniambia vilevile. Hatukufika popote, mimi na hicho kisanduku, ila tulizoeana.

Jamaa wa IT kazini akaniambia niwashe kompyuta kwa ile hali salama (Safe Mode), inayowasha vitu vya lazima tu, eti humo hakuna kinachokataa kutoka. Nikaiwasha. Humo ndani ikanijibu kwamba huduma ya kusakinisha na kuondoa programu haipatikani, huenda ni kwa sababu niko kwenye hali salama. Soma hiyo tena polepole. Nikarudi hali ya kawaida, nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nikamtafuta Hazel kwenye orodha ya vinavyofanya kazi, nikamwua. Akafufuka. Bwana wetu alisubiri siku ya tatu, huyu hakungoja hata sekunde ya tatu.

Nikaona acha tuishi naye. Spika nimezima, nani atamsikia?

Sasa. Kanisani kwetu mimi ndiye mtu wa projekta, ninayewarushia maneno ya nyimbo ukutani. Laptopu ya kanisa ilikuwa imepasuka kioo, wakaniomba yangu. Na kwa kuwa kungekuwa na video ya wamishenari, waya wa sauti ukatoka kwenye laptopu yangu ukaingia moja kwa moja kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganyia sauti za spika, na sauti nikaifungulia hadi mwisho kama nilivyoagizwa. Saa za Hazel nilizijua zote, na Jumapili asubuhi hakuwa na neno. Nisilolijua ni kwamba laptopu ikikaa imezimwa, Hazel huweka akiba. Huyu mama hapotezi ujumbe wa mtu. Ilikuwa imezimwa tangu Alhamisi.

Ibada ikaenda. Sifa zikapigwa, watu wakaruka, jasho likatoka. Kisha Pasta akashusha sauti, akamwashiria Kinanda anyamaze. "Funga macho," akasema. "Usiseme neno. Kila mtu aongee na Mungu wake ndani ya moyo." Kanisa zima likatulia. Feni ya darini ukaisikia. Mtoto mmoja akakohoa, mamake akamziba. Mtu wa mikisa alikuwa ametoka kununua betri.

Hapo spika zote zikasema, kwa sauti nyororo ya kike:

"Sedaaka. Yuzidishii… two hundred."

Mnaelewa? Nilikuwa nimeandika: Sadaka, usizidishe 200. Maneno ameyaharibu, lakini tarakimu ni tarakimu, hizo alizisoma kama mtangazaji wa BBC.

Hakuna aliyefungua macho. Na hapa ndipo mjue kanisa letu ni la kiroho: mama mmoja wa safu ya mbele akainua mikono juu, akapaza sauti, "Amina! Pokea!" Wengine wakafuata. Walidhani ni dada mmoja ameshukiwa, ananena kwa lugha. Na penye lugha pana mfasiri. Ndugu yule wa maombi, mnayemjua mnamjua, akasimama macho yamefumba, mkono sikioni, akatangaza, "Bwana anasema mia mbili! Naona nafsi mia mbili zikiingia kwa mlango huu!" Kanisa likapasuka kwa vigelegele.

Mimi huku nyuma magoti yameisha. Nikanyosha mkono kwenye nyaya. Zipo nyeusi, nyingi, zote zinafanana. Nikashika mmoja nikauvuta kwa nguvu zangu zote. Pasta alikuwa ndiyo anafungua mdomo, nikaona midomo yake inacheza bila sauti. Nimeng'oa maikrofoni yake. Sasa katika nyumba yote ya Bwana aliyebaki na sauti ni Hazel peke yake.

"Kiisha la Aijuma. Jaifeini emgonjua."

Kesha la Ijumaa, jifanye mgonjwa. Hii ilimpiga chenga mfasiri, akakaa kimya kidogo, akasema Bwana anamgusa mgonjwa. Mama mmoja akashika goti lake, akaanza kulia kwa furaha. Mama, kama unasoma hapa, na kama kweli lile goti limepona, mimi sitabishana na mtu.

Nikaifunga laptopu, kifuniko pap! Tatizo ni kwamba watu wa projekta huiwekea kompyuta isilale hata ukiifunga, nyimbo zisikatike katikati. Kwa hiyo nimeifunga, nimeilalia na kifua, na kutoka chini ya mbavu zangu mama wa Kiingereza anaendelea, bila haraka:

"Emzii wa kaniisa. Three thousand five hundred. Yukimwona, paita emlango wa jaikoni."

Mfasiri akapaa. "Elfu tatu mia tano! Mavuno!" Lakini safu ya pili upande wa wanaume, shingo moja iligeuka. Iligeuka taratibu, kwa vituo. Ilikuwa shingo ya Mzee wa Kanisa, ambaye tangu Agosti ananidai shilingi 3,500 za kodi ya nyumba, na ambaye kwa wiki nyingi amekuwa akishangaa kwa nini ibada ikiisha mimi hutokea upande wa sufuria. Masikio ya watu nayo yalikuwa yameanza kuizoea lafudhi. Unajua redio ikiwa na mikwaruzo, ukivumilia unaanza kushika maneno? Vijana wa nyuma walikuwa wameshashika. Nilisikia mmoja akiwasomea wenzake pole pole, "mlango… wa… jikoni," kisha kicheko kilichobanwa puani. Kinanda ndipo alipotoa simu. Nilimwona. Tuliangaliana. Hakuirudisha.

Nikasema moyoni, Baba, lililobaki usiliruhusu. Maana nililijua lililobaki.

"Pasta," akasema Hazel, na hilo alilitamka bila kasoro kabisa, kwani kwao ni chakula. "Pasta akiaita wa kyuosha vaiti… ingaia chuu."

Pasta akiita wa kuosha viti, ingia choo.

Nadhani hapo hata malaika walielewa. Mfasiri aliketi. Pasta, bila maikrofoni, akashuka madhabahuni, akaipita njia ya katikati yote, viatu vyake vikilia ko, ko, ko, mpaka kwenye meza yangu. Mimi bado nimeilalia laptopu kama kuku juu ya mayai. Akainama, akaniuliza kwa upole wa kutisha, "Ndugu yangu, amebakisha nini?"

"Amemaliza, Pasta."

"Bwana asifiwe."

"Asifiwe sana."

Yaliyofuata nayapitia mbiombio, muda hakuna na aibu ni ileile. Binti mmoja wa mapokezi, yuko chuo anasomea mambo haya, akavua glavu zake nyeupe akaniondolea Hazel kwa muda wa wimbo mmoja. Akaandika services.msc, ikafunguka orodha ya huduma za Windows, akaikuta huduma iliyokuwa ikimfufua, akaizuia isiwake tena. Akapakua kitatuzi cha bure cha Microsoft cha programu zinazokataa kutoka, kikamfuta kwenye orodha bila kuuliza CD wala Birmingham. Mwisho akalifuta folda la kiprogramu chenyewe kwa mkono. Nikamwuliza mbona jamaa wa IT hakuniambia hivyo, akasema, "Labda uncle hukumwuliza vizuri." Uncle! Nina miaka thelathini na kitu.

Sadaka nilitoa. Kiasi msiniulize, watu walikuwa wanaangalia. Zamu ya kuosha viti ni yangu mpaka mwaka uishe, na kesha la Ijumaa nimepewa kuliongoza, saa tatu usiku hadi alfajiri, na kwenye tangazo wameandika jina langu na chini yake "Mungu akimjalia afya". Hiyo ni kazi ya Kinanda, sihitaji kuuliza.

Na lile deni nililipa siku hiyohiyo, kabla ya chakula, 3,500 kwa M-Pesa. Nikamwandikia na ujumbe: Mzee shikamoo, samahani kwa kuchelewa, ubarikiwe. Akajibu papo hapo.

"Marahaba kijana. Umesahau ya kutolea."