Mnyama Huyu Mmemhamishia Wapi Tena?

Ukimwita buibui mdudu, hata kama umepanda juu ya kiti na unapiga kelele, lazima atokee mtu wa kukukosoa: "Huyo si mdudu, hesabu miguu." Nani huhesabu miguu ya kitu kinachomkimbilia? Lakini haya, tuhesabu. Mdudu halisi ana miguu 6, mwili wa vipande 3 na vipapasio 2 kichwani. Buibui ana miguu 8, vipande 2, vipapasio hana kabisa. Nge yuko upande wa buibui, kupe naye yumo. Umeshika kanuni, unajiona msomi. Kumbe kupe akitoka kwenye yai ana miguu 6! Jozi ya nne anaipata baadaye, akishanyonya damu na kujivua ngozi. Mtoto anatembea na kitambulisho cha ukoo mwingine, halafu mjinga unakuwa wewe uliyehesabu.

Kiswahili kilishaimaliza kesi hii zamani. Kiboko ana KI, kifaru ana KI, lakini anakula, analala, anakukimbiza: A-WA, mjadala umefungwa. Mwenye pumzi yeyote anaingia humo, kuanzia tembo mpaka kiroboto. Wanabiolojia wao hawakuridhika na ngeli moja. Wakaweka himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi na spishi. Halafu ngazi saba zikawa hazitoshi, wakachomeka faila ndogo hapa, oda kuu pale, na wakipata nafasi tena watachomeka.

Aliyeanza kuandikisha kwa mtindo huu ni Msweden Carl Linnaeus. Mwaka 1735 nyangumi alimweka kwa samaki. Mwaka 1758, toleo la 10 la kitabu chake, akamhamishia kwa mamalia. Miaka 23 nyangumi anaishi kwa watu. Na usifikiri hao wengine walipewa vyumba vizuri. Linnaeus alikuwa na ngeli 6 tu, na ya mwisho aliiita Minyoo: pweza humo, konokono humo, kiti cha pweza, yule mwenye umbo la nyota, humo, yavuyavu wa rojorojo humo. Kila nyumba ina kapu la namna hiyo, la vitu visivyojulikana viwekwe wapi. Hilo lake tunalichambua mpaka leo.

Basi tuseme umeletewa kiumbe, unaambiwa mpange. Kwanza unatafuta ulinganifu. Je, kuna mstari mmoja tu unaoweza kumgawa kulia na kushoto vikalingana? Huyo ana mbele na nyuma, ana kichwa, anajua anakokwenda. Mistari mingi kupitia katikati, kama keki? Huyo ni wa jamii ya yavuyavu na matumbawe. Hakuna mstari wowote? Huenda ni sifongo. Rahisi, eti? Mchukue konokono sasa. Kichwa na mguu vimelingana vizuri, lakini matumbo yake, angali lava, yaani mtoto asiyefanana bado na mkubwa, huzungushwa nyuzi 180, hadi tundu la haja linakuja kukaa juu ya kichwa. Juu ya kichwa! Kuna aina za koa ambao baada ya hapo hujikunjua tena kidogo, nadhani baada ya kufikiri.

Pili, tabaka za kiinitete, yaani mtoto anayeanza kuumbika. Yavuyavu hujengwa kwa tabaka 2, la nje na la ndani, katikati rojorojo. Wengine wengi tuna 3. La nje hutoa ngozi na neva, la ndani hutoa utando wa utumbo na ini, la kati hutoa misuli, mifupa, damu, moyo na figo. Ubaya ni kwamba mnyama mzima hakuonyeshi tabaka hizi kwa macho. Lazima umkute akiwa kiinitete, yaani ufike kabla hajajifunika.

Tatu, uwazi wa mwili. Unamkata mkato wa kukingama na kutazama kati ya utumbo na ukuta. Tegu na minyoo bapa wengine wamejazwa tele, nafasi hakuna. Mchango ana nafasi, lakini tabaka la kati limeipaka upande wa ukutani tu, upande wa utumbo pamesahauliwa. Nyungunyungu, konokono, panya na wewe mna uwazi uliopakwa pande zote. Sasa angalia mtego: mnyama aliyehifadhiwa vibaya kwenye dawa hunywea, nyama inaachana na nyama, panatokea ufa. Wewe unashangilia umeona uwazi, kumbe ni uzembe wa mwenye chupa. Na hata ukiuona wa kweli, siku hizi wanakwambia uwazi huo umepatikana na kupotea mara nyingi, hivyo peke yake hauthibitishi undugu. Sasa mlitukatisha minyoo ya nini?

Nne ndiyo ya aibu. Kiinitete kikiwa mpira mdogo, ukuta wake hubonyea ndani na kufanya tundu. Tundu hilo litakuwa mdomo au litakuwa nyuma? Kwa wadudu, konokono na nyungunyungu, vitabu vilisema linakuwa mdomo. Kwa ukoo wetu, tundu la kwanza ni la nyuma, na mdomo hutobolewa baadaye. Ndiyo, bwana mkubwa mwenye tai, ukoo wako huanzia huko. Na ndani ya ukoo huohuo yumo kiti cha pweza, ambaye si kiti wala si cha pweza, na yumo jongoo bahari, ambaye si jongoo. Hana kichwa cha kueleweka, hana ubongo, lakini kwa undugu yuko karibu na wewe kuliko pweza mwenye jicho la kamera! Na hilo jicho la pweza lisikutie huruma. Lake huota kutokana na ngozi, lako huchomoza kutoka kwenye ubongo. Zimefanana kama sare za shule mbili tofauti.

Yupo pia mnyoo wa baharini aitwaye Priapulus. Jamii yake yote imeandikishwa kwenye kundi la "mdomo kwanza". Mwaka 2012 walipofuatilia viinitete vyake wakakuta anaanza na nyuma. Kundi halikubadilishwa jina.

Dalili nyingine wanayoitumia ni jinsi yai linavyogawanyika. Mchukue nungunungu wa baharini, yule duara la miiba, wa ukoo wetu huohuo. Yai lake likiwa seli 4, ukizitenganisha taratibu, kila moja inaweza kujikusanya na kutoa lava mzima, ingawa mdogo. Hans Driesch alilianza jaribio la namna hii miaka ya 1890 na lilimtatiza kweli. Pacha wa kufanana wanapatikana kwa ulegevu huohuo wa seli. Kwa konokono, thubutu. Seli zimeshagawana kazi mapema, ukiondoa moja unabaki na lava mwenye upungufu, hakuna wa kuziba pengo.

Sasa hapa ndipo ninapokereka hasa: mtu mzima haaminiki, lazima umwite mtoto wake aje kutoa ushahidi. Vipo vile vigamba vigumu vinavyong'ang'ania miamba na matumbo ya majahazi. Ukivigusa, kombe tupu. Mabingwa wakaviweka na moluska, wale wa mwili laini kama konokono na pweza, pamoja na chaza, na mtu yeyote mwenye akili angefanya hivyo. Mwaka 1830 John Vaughan Thompson akatangaza kwamba amewatazama watoto wao wanaoogelea. Kijilava hicho kikitoka kwenye yai kina jicho moja katikati, jozi 3 za miguu. Huyo ni mtoto wa ukoo wa kaa na kamba! Anaogelea, anajivua ngozi, anapata umbo la pili, anachagua jiwe, anajigundisha kwa vipapasio, kisha anajijengea nyumba ya chokaa juu yake. Anaishi kichwa chini, akipunga miguu nje ili kusukumia chakula mdomoni. Charles Darwin alikaa miaka 8 juu ya wanyama hawa, 1846 hadi 1854. Miaka 8! Ndoa zinavunjika kwa machache zaidi.

Na huyo ni mstaarabu wa familia. Binamu yake, Sacculina, akikua hana gamba, hana miguu, hana utumbo. Ni kifuko tu kimetuna chini ya tumbo la kaa, na ndani ya kaa huyo ni mizizi imesambaa hadi miguuni. Kaa mwenyewe akiwa dume, tumbo linapanuka kama la jike, na anakilea kile kifuko kama mayai yake. Ungempanga wapi kiumbe huyu? Uvimbe? Uyoga? Asingekuwa mtoto wake mwenye miguu na jicho moja kumtaja mama, angebaki hivyohivyo bila kwao.

Kisha kuna tunikati. Mtazame aliyekua: mfuko umebandikwa juu ya mwamba, una mirija 2, maji yanaingia huku na kutoka kule, basi. Joho alilovaa lina selulosi, kitu cha miti! Naye aliwahi kuwekwa na moluska. Mwaka 1866 Mrusi Alexander Kowalevsky akamchunguza mtoto. Yule mtoto ni kama kiluwiluwi: ana mkia, ndani ya mkia ana notokodi, ule ufito unaotangulia uti wa mgongo, na juu yake kuna neva yenye uwazi katikati. Anaogelea muda mfupi tu, anatafuta mahali, anajibandika kwa kichwa, halafu mkia wote, na ufito wake, na neva yake, vinayeyushwa na kunyonywa mwilini. Ukichelewa kidogo kumtazama unakuta mfuko. Mwaka 2006 jeni zikaongeza kwamba mfuko huo ni ndugu wa karibu zaidi wa wenye uti wa mgongo kuliko yule anayefanana na kisamaki, amfioksi, ambaye vizazi vya wanafunzi vilimchora kama babu yetu. Mfuko! Nimekubali jongoo bahari, sasa na mfuko.

Wengine nisiwaseme kwa urefu. Jongoo ana jozi 2 za miguu katika karibu kila pingili, tandu ana jozi 1, na ile ya kwanza ameigeuza kuwa meno ya sumu, kwa hiyo ukitaka kuhesabu, hesabu haraka. Mchwa si ndugu wa sisimizi, ni mende aliyejenga. Mtazame kumbikumbi: mabawa 4 yanayolingana, vipapasio vimenyooka kama shanga, kiuno hana. Sisimizi ana kiuno cha kukatika, vipapasio vya kiwiko, na mtoto wake hupitia hatua ya bundo, ya kutulia bila kula akigeuka mtu mzima, ambayo mwana wa mchwa haijui. Pimbi, aliye kama panya mnene, ukoo wake ni tembo na nguva: vijipembe vyake ni meno ya mbele yaliyorefuka, kama yalivyo ya tembo, na dume ana korodani ndani ya tumbo, kama tembo. Mamba ni ndugu wa kuku kuliko wa mjusi. Na kambare-mamba, mwenye mapafu, yuko karibu na wewe kuliko na sangara, kwa hiyo neno "samaki" kwa mpangaji makini halina maana, isipokuwa akubali kukuingiza na wewe.

Shida ya samaki ndiyo hiyo: magamba na mapezi ni mali ya babu wa wote, na sifa ya ukoo mzima haikusaidii kugawa nyumba. Unatakiwa utafute sifa mpya, iliyozuka kwenye tawi hilo tu. Nywele na maziwa kwa mamalia, pia mifupa 3 ya sikio la kati, ambayo 2 kati yake kwa reptilia ingali kwenye kiungo cha taya. Hapo sawa. Lakini hata sifa inayong'aa hukuangusha. Nyungunyungu ana pingili, mende ana pingili, tangu enzi za Mfaransa Georges Cuvier, mwanzoni mwa miaka ya 1800, wakawekwa chumba kimoja. Mwaka 1997 jeni zikamtoa mende na kumpeleka kwa mchango, kwa sababu wote hujivua ngozi. Mchango hujivua mara 4. Nani alikuwa akimtazama mchango akivua nguo?

Sawa, nikasema: basi tuwe na mashahidi wawili, mtoto na jeni. Wakikubaliana, hukumu itoke. Ndipo nikakutana na Xenoturbella, kijimnyoo cha matope baharini huko Sweden, kilichotangazwa mwaka 1949. Ni kifuko bapa chenye mdomo tu, cha kutolea hakipo, kinachoingia kinarudi palepale. Mwaka 1997 wakasoma jeni zake: moluska, wa jamii ya chaza. Wakatazama mayai na viinitete vilivyo ndani yake: moluska, wa jamii ya chaza. Mashahidi wote wawili, neno moja. Mwaka 2003 ikagundulika kwamba jeni zile hazikuwa zake, na viinitete vile havikuwa wanawe. Kilikuwa chakula. Alikuwa amekula chaza, wao wakaandikisha chakula.

Wakamhamishia kwetu, upande wa kiti cha pweza. Mwaka 2016 wengine wakamtoa, wakamweka nje kabisa, kabla ya mgawanyo wa matundu. Wengine wanataka arudishwe. Mwenyewe yuko kwenye matope yake, mdomo wazi, na anaendelea kula ushahidi.