Spika Haijui FLAC

Spika mpya ya mke wangu imenigomea tangu asubuhi. Natia flashi, kitaa cha buluu kinawaka, mwanamke wa Kichina humo ndani ananiambia neno nisilolijua, kisha kimya. Na flashi ina taarab ya saa nzima! Kumbe spika haijui FLAC, faili la muziki lililobanwa bila kutupa kitu. Inajua MP3 tu, lile faili dogo la kila mtu.

Haya. Mie mtu na heshima zangu. Kanda za marehemu baba nilizirekodi mwenyewe kwenye kompyuta kwa WAV, faili lisilobanwa kabisa, dakika moja inakula megabaiti kumi, diski ikalia. Nikazigeuza FLAC, zikapungua karibu nusu, na sauti haikupotea hata chembe: fidla inasikika pale upinde unapogusa uzi. Leo naambiwa nizigeuze tena, wageni wanakuja Alkhamisi. Nikaanza. Umeme ukakatika.

Nikashuka Darajani, mjini Unguja, kwa kijana anayetia watu nyimbo.

“Ami, hizi nzito. Nakushushia MP3 ya 128, yaani kilobiti 128 kwa sekunde, dakika moja haifiki hata megabaiti, zinaingia chungu nzima.”

“Sitaki chungu nzima, mwanangu, nataka zisikike.”

“Basi 320, ami. Ile kali.”

Nikaridhika, nikavuta kiti, nikamtazama. Kijana akazigeuza zote 128, akafuta FLAC kwenye kompyuta yake, halafu akazichukua zile zile 128 akaanza kuzigeuza 320.

“Mwanangu, hizo si ulizishusha sasa hivi?”

“Ndiyo, sasa nazipandisha. Tazama, ami, faili linanenepa.”

Kweli linanenepa! Limenenepa kwa kitu gani? MP3 inazipunguza kwa kutupa sauti ambazo Wajerumani walioitengeneza waliona sikio halitozisikia. Zikishatupwa zimetupwa. Unakamua machicha unataka litoke tui la kwanza?

“Wateja wote wanaridhika, ami.”

Bibi mmoja nyuma yangu, mkononi ana kuku hai, akasema, “Yakhe, mpe mzee nyimbo zake aende, kuku wangu anapigwa na jua.” Kuku mwenyewe akaunga mkono.

Nikamwambia kijana atoe kwenye FLAC iliyomo flashini, moja kwa moja mpaka 320. Akakubali kwa kuguna. Kisha akataka kunitoza kwa hesabu ya nyimbo. Zilipotokea faili mbili tu za nusu saa, upande wa kwanza na wa pili wa kanda moja, akatahayari, akaanza kutafuta mahali pa kuzikata. Akapata kikohozi cha baba. Baba alikuwa akirekodi kutoka redioni kwa maiki, na katikati ya mlio wa kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, anakohoa. “Hapa wimbo umekwisha, ami.” Haujesha! Huyo ni baba! “Kwani hizi YouTube hazipo?” Zipo, mwanangu. Ziko safi, zinang’ara. Za kwangu ndizo zenye baba ndani, na sitoi hata ndururu kwa ajili ya kikohozi chake!

Nikalipa mbili.

Kurudi, nikapanda daladala ya Fuoni. Humo muziki umefunguliwa mpaka vioo vinatikisika, ni faili iliyogeuzwa mara ngapi Mungu ndiye ajuaye, matoazi yanachemka kama mafuta, na abiria wanatikisa vichwa wamestarehe. Hakuna aliyeuliza ni 128 au 320. Nami nadai chenji yangu, nampungia mkono konda, nampigia kelele, na konda naye anatikisa kichwa, anadhani nacheza.